Sema Alama, Kisha Zima

Mume wangu mpenzi,

Nimejaribu kuanza barua hii mara tatu, na kila mara nasikia ule ukimya wako wa Jumanne.

Unakumbuka ulivyonifundisha simu ya upepo, hii redio yetu ya kusemea, kabla hujathubutu kunishika mkono? Wewe ulikuwa juu bwawani, ukisoma alama za maji kwenye nguzo. Ba'mkubwa wako alikuwa mlimani, karibu na duara, shimo wanamochimba dhahabu, ambalo lingezama bwawa likibomoka. Mimi nilikuwa ofisini Geita mjini. Sauti yako haikunifikia, hivyo yeye aliipokea na kunirushia. Betri zilikuwa za gari, zikichajiwa mjini mara moja kwa wiki. Ukaniambia, "Washa saa kamili. Sema alama, kisha zima. Kusikiliza nako kunakula betri." Nilikupenda kwa maneno hayo makavu! Kila siku nilingoja "alama nne" kama binti anayengoja posa.

Kisha tukaoana, nami nikawa mkwe wa huyo ba'mkubwa wako wa mlimani. Mkwe gani anasema alama na kuzima bila kumsalimu baba? Nilipiga magoti mbele ya redio, mpenzi, peke yangu ofisini. Naye akanijibu kwa Kisukuma, "Mwangaluka, mayu," yaani umeamkaje, mama, akauliza habari za nyumbani, za mguu wa mama, za kuku, za mvua ya kwetu Shinyanga. Nikajibu moja moja, maana salamu ya mkwe haikatwi. Sikujua kwamba kule bwawani nawe umeacha redio wazi, unatega sikio upate japo habari zangu kinywani mwa baba.

Jumanne mvua ilipiga tangu asubuhi. Saa saba kamili nikawasha. Kimya.

"Baba, hajasema alama?"

"Hajasema, mayu. Nilidhani amezubaa akikuwaza wewe."

Akakuita. Akakuita tena. Watu saba walikuwa ndani ya duara, na hakuna aliyejua bwawa limefika wapi. Akasema anakwenda kuwatoa, lakini wachimbaji walimjibu hawatoki bila alama, mwamba wa dhahabu ndio kwanza wameuona. Nilikaa na kipaza sauti mkononi, nikaona nimekuwa mjane kabla nguo za harusi hazijafuliwa.

Uliposhuka mbio mlima mzima, mguu umechanika, ukapiga kelele mdomoni mwa shimo kwamba bwawa linabomoka, wakapanda. Baba anasema maji yaliingia wa mwisho akiwa na mguu mmoja bado kwenye ngazi.

Nilingoja anilaumu. Alisema tu, "Wote saba wako juu. Betri yake tumeila sisi, mayu, kwa salamu."

Mpenzi, nakupenda kiasi cha kuniumiza kifua. Ndoa yetu haijatimiza hata miezi miwili, nami nilikaribia kuzika watu saba kwa adabu na mapenzi. Nimemwomba baba ruhusa, naye ameridhia: salamu zake nitampelekea Jumapili kwa miguu yangu, nipige magoti kwenye udongo wake.

Barua hii inakuja na betri iliyojaa, maana umerudi kulinda ukuta wa bwawa uliozibwa. Kesho saa moja nitawasha. Usiniulize nimelalaje. Usiseme unanipenda. Niambie maji yako wapi, nami nitajua u hai. Kisha zima, mume wangu, zima upesi.

Ni mimi, mkeo, ninayekusikia hata redio ikiwa imezimwa.