Kocha Hakumwacha Pruitt

Maribel, uko? Nimefanya jambo baya.

Leo timu inapunguza wachezaji, na mimi, kijana wa takwimu, ndiye ninayetumwa kuwaita wanaoachwa. Hapa ukiambiwa, "Unaitwa juu, njoo na tableti yako ya mbinu," ujue umeachwa.

Nikamfuata Pruitt, yule mlinzi mpole. Akacheka: "Dogo, acha utani. Jana kocha kaniapia nafasi ninayo!"

Na kocha hakudanganya! Asubuhi kikaoni alimpigania mpaka sauti ikamkauka. Lakini kwa mkataba, mwenye kauli ya mwisho ni meneja mkuu. Naye akanigeukia mimi: "Haya msomi, takwimu zinasemaje?" Nikasema kasi ya Pruitt imeshuka. Mimi! Na nilifurahi kuulizwa, Maribel.

Meneja akasema, "Basi, tumemaliza."

Sasa Pruitt alipoona si utani, akaniuliza, "Kwa hiyo kocha kanigeuka?"

Nikanyamaza. Nilinyamaza tu!

Akampita kocha mlangoni kama hamjui. Kocha akaita, "Mwanangu!" Hakugeuka. Mzee wa watu akabaki na mkono hewani.

Sasa namwona Pruitt kupitia dirishani, anapakia gari arudi kwao Alabama. Nashuka kumwambia kocha alimpigania, mimi ndiye niliyemponza. Akinipiga ngumi, sawa.