Kamari Juu ya Uso wa Baba

Jumatatu, 9 Juni
Nimeanika dagaa, nimenawa, nimemalizia tovuti ya baba. Picha zake, darsa zake za msikitini, tangazo la khitma ya arobaini, Jumapili hapa Ujiji. Sauti zote nimezipandisha humo, nikazifuta kwenye simu maana ilijaa. Nimeutumia ukoo mzima kiungo chake. Imependeza. Nimelia kidogo.

Jumatano, 11 Juni
Kaka Hamisi kaja na simu mkononi, hata salamu hakuna. Juu ya uso wa baba, tangazo la kamari. Baba aliyekemea kamari maisha yake yote! Wallahi sijaliweka mimi. Hamisi haniamini. Khitma inasomwa kwa shangazi Mwajuma, tuliyepakana naye ukuta kwa ukuta, na amesema anayemuuza babaye asikanyage kwake.
Nimeuza nini mimi? Nimetafuta tovuti nzima. Hilo tangazo silioni lilipowekwa.

Ijumaa, 13 Juni
Binamu Zuhura wa Mwandiga kafungua kwa simu yake. Safi! Baba peke yake. Kumbe ni waifai ya mtaani kwetu. Kampuni inachomeka matangazo yake kwenye kurasa za watu. Na nani aliyeshawishi mtaa mzima kujiunga, hadi shangazi? Mimi. Mjinga mimi.

Jumamosi, 14 Juni
Ofisini kwao mjini. Dada wa mapokezi kanionyesha fomu niliyosaini bila kusoma: nakubali matangazo. Haya, mimi nilikubali. Baba alikubali lini?
Wakili niliyemuuliza anasema huenda wamevunja sheria, huenda fomu inawalinda. Nilalamike kwa maandishi, nisubiri miezi. Khitma ni kesho.
Nimempelekea Hamisi picha ya skrini ya simu ya Zuhura. Anasema picha hutengenezwa.

Jumapili, 15 Juni
Wamemsomea baba. Nimesikia dua kupitia ukuta, nikaitikia amina peke yangu chumbani. Wakaniletea pilau kwenye sahani iliyofunikwa, kama mgonjwa. Sikula. Nimefuta tovuti yote. Hasira.

Jumanne, 24 Juni
Shangazi kaja mwenyewe. Nikamwamkia shikamoo, akaitikia macho chini. Alifungua ratiba ya swala kwenye simu, akakuta kamari ileile juu yake. "Nisamehe, mwanangu. Nilikuonea."
Nikasema yameisha. Hayajaisha. Arobaini ya baba haina mara ya pili.
Akaomba nimfungulie ile darsa ya subira, amsikie kaka yake. Ikabidi nimwambie nilizifuta zote, na nakala sina.
Akavua kandambili, akaja kunisaidia kuanua dagaa.