Jiwe la Mama Limepita Motoni

Msambweni,
Desemba 1963

Kwa kaka yangu Matano,

Assalaam aleikum, na shikamoo nyingi. Mgongo wako umepoa? Wifi na watoto hawajambo huko Tanga? Sisi tu wazima, Alhamdulillahi, ila mimi moyo unanichemka.

Kaka, jiwe la kichwani mwa kaburi la mama limechomwa chokaa. Umesoma sawa. Ni lile lile alilolichonga baba kwa mkono wake. Kamati ya hapa mtaani inataka nyumba zote za barabarani zipakwe nyeupe kabla ya siku ya Uhuru. Matumbawe ya pwani yakawa hayatoshi, basi wachomaji wakaruhusiwa kuchukua mawe yaliyolala bure makaburini. Yaliyolala bure! Kwani mama yetu kalala kwa nani?

Nilikwenda mbio hadi kwenye tanuu la Sefu, kanga inaburuzika chini. Magogo yalikwisha kuwa majivu. Sefu akaapa kwamba yeye huletewa mawe tu, haulizi nasaba zake. Nikamwambia siku akiletewa mamake amchome pia. Watu wakacheka. Mimi sikucheka.

Nililiona juu ya rundo, zima, jeupe pepe, jina la Esha binti Waziri linasomeka. Kulinyanyua, nikashtuka: uzito umepungua karibu nusu! Sefu akanieleza kuwa moto hulitoa jiwe pumzi iliyomo ndani, umbo likabaki, na kiu ikaingia. Likipata maji huchemka likawa unga, na hata unyevu wa hewa hulila polepole. Akanisihi niliache. Nikalifunika kwa gunia nililolikuta pale, nikalikumbatia, nalo likaniunguza vidole kwa jasho langu mwenyewe.

Sasa kaka, hapo juu nimekuandikia ‘kamati’ tu, kwa kumstahi shemejiyo. Aliyetoa ruhusa ni Alfani, mume wangu. Nilipomkabili alisema dini haitaki makaburi yapambwe, na mama anahitaji dua, si jiwe. Mimi pia nimesoma Kurani chuoni, na sikufundishwa kwamba tuyachome! Na ukuta wetu ndio uliopakwa mwanzo. Nimeuacha na weupe wake, niko kwa shangazi. Tafadhali usiniandikie habari za kuvumilia.

Jiwe nimelifunga nguo kavu, liko juu ya kabati. Kila nikilifungua nakuta unga, na ile herufi ya mwanzo imeanza kumeguka. Nataka mama achongewe jingine kwa mwandiko wa baba, nawe peke yako ndiye uliyejifunza mkono wake. Njoo na patasi zako wakati bado kuna cha kufuatisha.

Shangazi anakusalimu, anawaombea afya nyote. Nijibu upesi, kaka.

Nduguyo,
Biasha