Salamu Kabla ya Onyo

Mdogo wangu Tumpe! Sekela, mke wa jirani yangu Jailos, amelazwa! Amekula kabichi yenye dawa ya wadudu, na anayelaumiwa ni Tupokigwe wetu!

Nisamehe, hata sijakusalimu. Hamjambo hapo Mafinga? Shemeji kifua kimepoa? Sisi tunapumua tu.

Unajua kwamba mwanangu huyo, na usichoke kunisikia, ndiye anayeandika maelekezo ya dawa za kuua wadudu wa mimea kwenye tovuti ya kampuni yao hapa Mbeya. Ukoo mzima nani mwingine? Bosi wake alimwambia asome vitabu vitatu vya kuandika maelekezo na mambo ya mtandaoni. Alivisoma kama Biblia, jioni ananieleza jikoni. Kimoja kilisema mtu wa simu hasomi, anadonoa kama kuku, kwa hiyo la hatari likae juu kabisa. Kingine kilisema kabla hujatoa maandishi, mpe kwanza mtu wa kawaida ayasome. Mtu huyo nikawa mimi, wa darasa la saba! Nilitamba kanisani mpaka wakanichoka.

Basi Jailos alifungua ukurasa akiwa shambani, akaona vipimo, akafunga simu. Jumatatu kapiga dawa, Jumatano wamechuma. Onyo la kusubiri siku kumi na nne kabla ya kuchuma lilikuwa chini kabisa. Daktari bado hajatupa neno la kututuliza. Jana Jailos alisimama uani kwangu akasema msomi wangu anamuulia mke.

Tumpe, hili nakwambia wewe kwanza. Tupokigwe aliliweka onyo juu, kwa herufi nyekundu. Mimi ndiye niliyemwambia mgeni hatishwi mlangoni. Aanze na karibu, na pole ya kazi, aisifu dawa, habari za sumu zije mwisho. Akasema vitabu vinakataa. Nikamuuliza, kwani vitabu ndivyo vilivyomzaa? Akalishusha. Sasa amelirudisha juu, lakini jina langu hajamtajia mtu, na kazi inamponyoka.

Nitasema mwenyewe mbele ya watu. Naogopa, mdogo wangu. Msalimie shemeji, wabusu wanao, mniombee Sekela.

Njooni mkae karibu yangu. Wakubwa wa kampuni, Jailos na ndugu zake, sote tunasubiriwa ofisi ya kijiji Jumamosi hii, saa nne asubuhi.

Dada yako,
Mama Tupokigwe