Kibao cha Fundi Mwinjuma

Temeke Mikoroshini,
14 Novemba 1993.

Mpendwa dada Naima,

Shikamoo dada. Natumaini barua hii itakukuta mzima huko Lindi, wewe na shemeji na watoto, na kwamba mguu wa mama umepungua uvimbe tangu mlipoanza kuukanda kwa maji ya chumvi. Sie hapa tu wazima, ukiacha mafua ya vumbi na hasira zangu, ambazo unazijua tangu siku zile nilipokuwa nagombana hata na kuku wa jirani.

Nimefurahi kusikia Tunu amechumbiwa na kwamba harusi ni Rajabu. Mwanao amekua, nasi tumezeeka. Katika barua yako una mambo mawili. La kwanza, nimwagizie Tunu kitanda cha mninga kwa Fundi Mwinjuma pale Keko, kwa kuwa mumewe anakaa Ukonga na hakuna haja ya kusafirisha kitanda toka Lindi. La pili, umeuliza ile habari njema niliyosema nitakupa baada ya Maulidi imeishia wapi. Hilo la pili lisubiri kwanza. La kwanza, jibu ni hapana. Kwa Mwinjuma siendi.

Najua utashtuka, maana yule mzee alikuwa rafiki wa marehemu baba na sie wote tulikua tukimwita baba mdogo. Mie nimeacha kumwita hivyo tangu Julai. Ngoja nikueleze, halafu useme nani mkosa.

Mwezi wa sita alimtengenezea mteja mmoja kitanda. Vijana wa mkokoteni hawakuuliza kitu, wakakipeleka kwenye nyumba waliyoizoea, kwa mke mkubwa. Mama wa watu akafurahi. Akatandika shuka mpya, akaita majirani waje waone mumewe alivyomkumbuka baada ya miaka kumi na minane. Jioni mume akaja na watu kukiondoa, kumbe kilikuwa cha mke mdogo wa mtaa mwingine, ambaye mama yule hakuwa na habari zake. Kesho yake akaja Keko, akakaa chini kwenye maranda pale karakana, akalia mpaka mafundi wakaacha kazi.

Sasa mtu mwenye akili angewafundisha wasukuma mkokoteni wake kuuliza nyumba. Mwinjuma yeye akaona afundishe waume za watu. Akachukua ubao, akaupaka rangi nyeupe, akaandika kwa nyekundu: KITANDA CHA MKE WA PILI, AJE MKE WA KWANZA. Akautundika barabarani kila mpita njia asome. Na kila anayekuja kuagiza kitanda anaulizwa kwanza ni cha nani.

Dada, moto uliwaka. Wanaume wakasema dini imewaruhusu, yeye ni nani wa kuweka sharti jingine. Mzee akajibu kwamba dini imeruhusu kuoa, haikumwamuru yeye kuchonga, na kwamba hamkatazi mtu, anachotaka ni mke mwenye nyumba ajue. Mashaka wa buchani, mwenye wake wawili wanaojuana vizuri tu, akafuta oda yake ya makochi papo hapo kwa kusema ametukanwa.

Wanawake nao wakagawanyika. Mwalimu Avelina, yule jirani yangu Mhaya, akaenda kununua vigoda vinne asivyo na pa kuviweka, eti kumuunga mkono mzee. Wenzake wakafuata, huyu meza, huyu kibao cha mbuzi cha kukunia nazi. Mie nikawaambia bila kuficha kwamba wanashangilia mambo ya ndoa za watu kwa kuwa hawana la kufanya nyumbani kwao. Avelina akanijibu kwamba mwanamke anayewatetea waume wanaojificha ana lake jambo. Tangu siku hiyo hatusalimiani, na kanga hanunui tena kwangu, anazifuata mpaka Kariakoo. Na aende, miguu ni yake.

Basi nikaamua kumkomesha yule mzee. Unajua kikundi chetu cha shughuli, kila mwenzetu akioza mtoto tunamtunza kabati au kitanda. Nikasimama kwenye kikao nikasema kuanzia leo hata mguu wa stuli hautoki kwa Mwinjuma. Nikapita nyumba za wenye maharusi, moja moja. Siku moja nikasimama mbele ya karakana yake, barabara imejaa watu, nikamwita mvunja ndoa na mzee mwenye kiherehere. Yeye aliendelea kupiga randa. Nikaondoka kifua mbele.

Na tumefaulu. Alikuwa na mafundi saba, leo wamebaki wawili. Vigoda vya Avelina havikuweza kulisha karakana. Mashine ya kukereza ameiuza.

Nilikuwa nimepanga kuishia hapo, dada, nikuandikie jina la fundi mwingine, nifunge bahasha. Niliandika mpaka hapo jana nikaiweka chini. Leo nimeisoma nikaona haya. Wewe umenilea, sitakudanganya.

Ile habari njema ilikuwa ndoa. Yupo bwana mmoja anaitwa Jabiri, muuza mbao wa Buguruni, mtu mpole, anacheka polepole. Ana mke na watoto watano. Aliniambia atanioa baada ya Maulidi, na kwamba atamwambia mkewe taratibu. Dada, nimekaa mtalaka miaka saba. Nimewatunza maharusi wa watu nikarudi kwenye chumba changu peke yangu. Nilikubali, na nilikubali kwa furaha. Julai akaenda kwa Mwinjuma kuagiza kitanda cha mninga, tano kwa sita, ubao wa kichwani uchorwe maua. Akaulizwa ni cha nani. Akaambiwa aje na mkewe. Akarudi kwangu ameghadhibika, akasema yule mzee ndiye kizuizi chetu.

Nami nikashika maneno hayo hayo. Kitanda kile kilikuwa changu, na vita vyote ulivyosoma humu nilivipiga kwa ajili yake.

Lakini Keko nzima ni maseremala! Ng'ambo ya barabara tu wako watano wasiouliza mtu kitu. Nilimwambia Jabiri akaagize huko. Akasema mbao zao mbichi. Nikangoja. Akasema tusubiri mvua za vuli zipite. Nikangoja. Halafu akawa haji. Wiki mbili zilizopita nilimfuata Buguruni, na hapo katikati ya mbao zake akaniambia kweli, kwamba kila akitaka kumwambia mama watoto wake ulimi unakufa, na kwamba hadhani atakuja kuweza. Hakuwa na fundi wa kumsingizia tena.

Alhamisi nikaenda Keko. Sijui nilifuata nini, labda kugomba tu. Mzee alinifutia kigoda vumbi. Nikamwamkia, mara ya kwanza tangu Julai. Nikamwambia kitanda kile kilikuwa cha nani. Akasema anajua. Jabiri alimtajia jina langu siku ile ile aliyoagiza, naye alifurahi kusikia binti Bakari anaolewa, akachagua mbao kabla hata ya kuuliza habari za mke. Ubao wa kichwani ameshauchora, umesimama nyuma ya karakana umefunikwa gunia. Alikuwa akingoja mke wa Jabiri aje.

Nikamuuliza kwa nini basi hakunitaja siku nilipomtukana mbele ya watu. Neno moja tu lingenimaliza, na wateja wake wangerudi kesho yake. Akasema yeye Keko ikimshinda atarudi Rufiji kulima, lakini mie jina langu likishavunjika hapa Temeke ningekwenda kukaa wapi. Akaendelea na kazi.

Dada, nimelia kuliko nilivyolia talaka. Bado nasema ndoa za watu hazimhusu, na kibao chake kinanikera kila nikikiona. Hilo sitalibadilisha kwa sababu ya machozi. Lakini mie ndiye niliyemfilisi mzee wa watu, na sababu niliyowapa watu haikuwa ya kweli.

Kwa hiyo kitanda cha Tunu kitatengenezwa na baba mdogo. Kikundi chetu kinakutana Jumapili ijayo. Nitawaomba wote twende Keko kwa miguu, na Avelina nitamgongea mlango mwenyewe. Baba mdogo ataniuliza kitanda ni cha nani, kama anavyomuuliza kila mtu. Nitamjibu cha Tunu. Halafu mbele yao wote nitasema na kile cha Julai kilikuwa cha nani.

Baada ya hapo huenda nikahitaji kuja kukaa kwako Lindi kwa muda. Niwekee mkeka.

Msalimie shemeji, mbusu Tunu. Mama mpe shikamoo yangu, lakini kurasa hizi usimsomee, nitamwambia mwenyewe nikija. Na wale wanaoulizia habari njema yangu, waambie ni hiyo hiyo, kwamba Tunu anaolewa.

Ni mimi mdogo wako,
Zubeda Bakari.