Sikuomba Kuwa Babu

Toledo, Ohio
Novemba 1951

Kaka yangu Lester,

Natumaini barua hii itakukuta mzima, na goti lako limeacha kukusumbua kwa baridi ya huko Oregon. Shemeji Hazel naye nakuomba umsalimie sana. Sisi huku miili ni mizima. Kuhusu roho yangu, soma mwenyewe.

Unajua kwamba Lorraine wetu alikuwa mjamzito. Tangu siku aliyotuambia, nyumba hii ikawa inanichefua. Mke wangu Adelaide alikitwaa chumba changu cha kazi, akakipaka rangi ya haradali kiwe cha mtoto, maana Lorraine na mumewe walikuwa wakikaa kwetu, vifaa vyangu akavitupa gereji. Nina miaka hamsini na moja, meno yangu yote yamo, halafu wateja dukani wananiita babu na kucheka. Mtu hujaulizwa, unazeeshwa tu na mwanao mwenyewe.

Kisha ikaja karamu ya kumtunza zawadi mama mtarajiwa. Unazijua hizo: ni za wanawake, mwanamume haonekani mpaka jioni. Mimi kichwa kiliniuma nikarudi mapema. Nikawakuta sebuleni, watu wazima na kofia zao za maua, wamefungwa vitambaa machoni, wanalishana vyakula vya watoto wachanga vya kwenye vichupa na kukisia ni nini. Nilitaka kuchepukia jikoni, lakini mama mkwe wa Lorraine, Bi Cordelia Pruitt, alinidaka mkono akasema babu hakimbii, akae afundishwe kazi. Wakanifunga macho, akanitia kijiko mdomoni.

Yalikuwa maini ya kusagwa. Ya baridi, hayana chumvi, yanateleza. Niliyatema kwenye zulia. Wanawake wakaangua kicheko, na mmoja akanipa pole, akasema babu ndiyo kwanza anaota meno. Hapo nikapandwa na hasira. Kitambaa kikiwa bado machoni, nikasema kwa sauti kwamba mimi sikumwomba mtu mjukuu, na kama hicho kitoto kitafanana na chakula chake, wakae nacho huko huko kwa kina Pruitt.

Kicheko kilikatika. Nilipovua kitambaa, Lorraine alikuwa mbele yangu ameshika sahani ya keki. Hakulia. Aliniambia taratibu, "Sawa, Baba. Basi huna mjukuu." Akavaa koti, akaondoka na Bi Pruitt, na yeye na mumewe Delbert wakahamia huko.

Nilipiga simu, hakupokea. Adelaide alikuwa akienda kwa kina Pruitt na kurudi bila kunisemesha. Mtoto alipozaliwa, habari niliipata kwa muuza maziwa anayetuletea chupa asubuhi. Mfukoni alikuwa na sigara nene, zile ambazo baba wa mtoto huwagawia watu, na akaniuliza kama yangu nimeshaivuta. Nilimdanganya kwamba nimeshaivuta. Kaka, siku ile nilijionea kinyaa mwenyewe.

Jumapili iliyofuata, ndiyo leo, nilikwenda kwa kina Pruitt bila kualikwa. Bi Cordelia alifungua mlango akaniuliza kama nimekuja kutema tena. Nilistahili. Nikavua kofia nikamwomba radhi Lorraine, na Bi Cordelia pia, mwanamke nisiyeweza kumvumilia dakika tano. Lorraine aliinuka kitini. Aliniwekea mtoto mikononi, akakaa mbele yangu akinikazia macho, aone kama nitakunja uso.

Mtoto ni wa kiume, anaitwa Russell, na ni mbaya wa sura, mwekundu, kichwa kimechongoka. Mara akanitapikia. Maziwa yaliyoganda, ya moto, yalinishuka kwenye kola mpaka kifuani. Wewe unaijua tabia ya tumbo langu.

Sikukunja uso, kaka, na nakuungamia wewe peke yako kwamba haukuwa ujasiri. Kinyaa chenyewe sikukiona. Lorraine ndipo akalia. Shati lile ndilo nililovaa ninapokuandikia. Adelaide amefungua madirisha yote kwenye baridi hii na kusema nanuka kama zizi, nami nimemwambia sitalivua leo.

Wasalimie wote wa hapo nyumbani, na goti ulifunge kitambaa cha sufu.

Ni mimi mdogo wako,
Orville