Viatu vya Alasiri

4 Februari

Kwako kitinda mimba wangu,

Salamu zikufikie ukiwa mzima, na mikono yako inayosuka vichwa vya watu kutwa nzima iwe haikuumi. Sisi hapa tunaendelea. Joto la mwaka huu halina adabu, limeingia ndani na kukaa kama mgeni asiyejua kuaga. Ndiyo maana nimehamishia mkeka wangu kule nyuma, kwenye chumba cha kazi cha marehemu baba yako. Ile sakafu ya udongo ina ubaridi mtamu, na harufu ya gundi na ngozi bado haijaondoka.

Sasa nikuambie jambo, lakini libaki kwetu. Hasa lisimfikie jirani yetu Mama Redio, maana yeye akipata habari asubuhi, kabla ya adhuhuri soko zima linaijua. Niliumwa na kupe. Si wa ng'ombe, ni wale wanaojificha kwenye nyufa za sakafu, papasi. Nilimkuta mmoja chini ya mkeka, ameshiba hajiwezi. Mguuni pana alama nyekundu tu, haiumi. Nilimponda, nikafagia, nikanyamaza. Mimi niliyesifika kwa usafi mtaa mzima, leo nisimulie kwamba nimeliwa na kupe kama mbuzi? Sithubutu.

Kisha homa ikaja. Kichwa, mgongo, baridi ya kugonganisha meno na jua linawaka. Muuza dawa nilimwambia ni homa tu, akanipa vidonge vya malaria. Lakini si hilo ninalotaka kukueleza. Alasiri, homa ilipopanda, baba yako alikuja.

Aliingia kama alivyokuwa akiingia, ameinamisha kichwa ingawa mlango haukuwa mfupi hivyo. Mwanga ulikuwa wa rangi ya asali, na vumbi lilisimama hewani halitaki kushuka. Akakaa kwenye kigoda, akachukua uzi, akanipima mguu. Akasema, "Wewe mke wa fundi viatu, miaka yote hii unavaa kandambili?" Nilicheka hadi nikaamka. Ni mzima kabisa, mwanangu. Hajakonda.

Ni mimi mama yako.


10 Februari

Mama mpendwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta umeketi, si umelala. Mimi afya ninayo, ila roho iko juu tangu dereva wa basi anikabidhi barua yako. Niliisoma huku nimeshika kichwa cha mteja, nikamvuta nywele hadi akapiga kelele.

Kwa bahati mteja mwenyewe ni muuguzi. Nikamuuliza kana kwamba naulizia mtu mwingine, na hakudanganyika hata kidogo. Anasema kuumwa na kupe mara nyingi hupita salama, mtu anapaosha na kupaangalia. Ila ikifuata homa, au kichwa na viungo kuuma, au vipele, au kidonda cheusi pale ulipoumwa, basi mambo ya kusubiri yameisha, ni hospitali, hata kama zimepita wiki kadhaa. Na ukifika useme waziwazi kwamba uliumwa na kupe na ulikuwa unalala wapi. Usiposema watakutibu ugonjwa mwingine, kama huyo muuza dawa. Hana kosa, Mama, wewe ndiye uliyemficha.

Tena homa hii ya papasi ina hila. Huondoka yenyewe ukajiona umepona, halafu hurudi.

Kuhusu Baba sijui niseme nini. Nililia kidogo chooni, nikanawa, nikarudi kusuka. Wewe unalala chumbani mwake, na mimi sijarudi nyumbani tangu tumzike kwa sababu siwezi kukiona kile kigoda kikiwa kitupu. Toka humo, tafadhali. Nenda hospitali.

Bintiyo.


15 Februari

Mwanangu,

Habari za huko, na za huyo muuguzi wako mwenye maneno mengi? Mwambie homa imeondoka. Iliondoka kwa jasho, shuka nikaikamua kama imetoka kwenye beseni. Leo nimefua, nimepika, na nimegombana na Mama Redio kuhusu maji machafu anayomwaga upande wangu. Mgonjwa gani ana nguvu za kugombana vile? Mambo ya hospitali tuyaache.

Ila nikuambie ukweli. Alasiri nilikaa chumbani, mwanga uleule, mkeka uleule, na hakuja mtu. Nilikohoa makusudi. Nikakisogeza kigoda karibu na mlango, asije akasema hakukiona. Mwanangu, hujui nilivyoudhika kwa kupona.

Mama yako.


24 Februari

Kitinda wangu,

Salamu kwanza. Najua zamu ya kuandika ni yako, lakini siwezi kungoja. Amerudi!

Homa nayo imerudi, ndiyo, na ni kali kuliko ya kwanza. Unaona mwandiko unavyopanda mlima wenyewe, nivumilie. Lakini amerudi, na viatu vyangu ameshavikata. Ngozi ya kahawia, laini, inanukia. Anashona na mimi namwangalia, hatusemi mengi. Watu wanapita nje na sauti zao zinanifikia kwa mbali, kama wako chini ya maji. Mara chumba kina kuta, mara hakina, na yeye ameketi katikati ya uwanja wa majani marefu, upepo unayalaza, na sindano yake inaingia na kutoka, inaingia na kutoka, hadi nasahau kama mimi ndiye ninayepumua au ni yeye.

Nilimuuliza, "Vya kwendea wapi?" Akasema, "Vaa kwanza, halafu uulize." Zimebaki soli tu. Ameahidi kwamba akija tena, anamaliza.

Sitaki dawa, mwanangu. Nimemkosa mno. Usinikasirikie.

Mama yako.


27 Februari

Mama,

Shikamoo. Leo sina salamu ndefu.

Muuguzi anasema homa hii inaweza kurudi tena na tena, na kwa mtu wa umri wako moyo unaweza kushindwa. Dawa yake ipo, tena ni ya siku chache tu. Hilo nimelimaliza.

Sasa nikuulize wewe uliyeishi naye. Lini Baba aliwahi kumaliza kiatu siku aliyoahidi? Lini? Mwalimu mkuu alifundisha muhula mzima na kandambili kwa sababu ya "njoo kesho" ya Baba. Yule bwana harusi wa mtaa wa pili aliingia ukumbini na viatu vya shemeji yake, vinambana hadi kwenye picha anaonekana analia. Mimi mwenyewe, binti wa fundi, viatu vya shule nilivipata siku tunafunga shule. Mtu alitupiga danadana maisha yake yote na bado tukampenda. Halafu leo aje fundi, apime, akate, ashone, na atoe siku ya kukabidhi?

Huyo si Baba. Huyo ni homa, imevaa aproni yake.

Baba yangu angekuambia uje kesho. Na kesho ikifika, angekutazama machoni bila aibu akuambie uje kesho. Huyo wa kwako ana haraka gani, Mama? Viatu hivyo ni vya kukupeleka wapi?

Nina hasira na wewe na ninakupenda, vyote kwa pamoja. Wewe una mume unayemwona kila alasiri. Mimi nimebaki na wewe tu. Nenda leo, usingoje jua lipoe.

Bintiyo, nimepiga magoti.


11 Machi

Mama,

Wiki iliyopita basi lilikuja mikono mitupu. Leo dereva ametikisa kichwa kabla hata sijamuuliza. Nimeanza kumchukia bure. Nimeomba ruhusa saluni, wanasema ningoje mwenzangu atoke uzazi, nami nimewaambia mwisho wa mwezi sitangoja tena. Uko mzima? Niandikie neno moja. Hata tusi nitalipokea.

Bintiyo.


19 Machi

Mwanangu,

Salamu nyingi kutoka kwa mama yako aliye hai. Tazama, herufi zimenyooka.

Barua yako ya fundi niliisoma nikakasirika. Nikairudia, na nilipofika kwa bwana harusi nikacheka peke yangu, nikacheka hadi Mama Redio akachungulia dirishani kujua nacheka na nani. Nilikuwa nimeisahau ile harusi. Kumbe nilikuwa nimemsahau na mwenyewe, nikabaki na fundi mzuri mno.

Alasiri ile homa ilipanda kama kawaida. Akaja, akakaa, akaanza kupaka gundi kwenye soli. Nilimtazama kwa muda mrefu. Mikono ilikuwa yake. Nikamuuliza, "Fundi, vya lini hivi?" Hata hakuinua kichwa. Akasema, "Viko tayari."

Mwanangu, maneno hayo sijawahi kuyasikia kinywani mwa baba yako tangu anioe! Nikavuta miguu yangu, nikapiga yowe, na Mama Redio akaingia na mwiko mkononi.

Yeye ndiye aliyetafuta gari, na yeye ndiye aliyenishika kiuno hadi ndani. Hospitali nilisema yote mbele yake: papasi, mkeka, sakafu, na jinsi nilivyomficha muuza dawa. Wakanipima damu, wakawaona wadudu wenyewe. Sindano ya kwanza ilinitikisa vibaya, ingawa walikuwa wamenionya, na wakanilaza. Ndiyo maana ya kimya chote hicho, unisamehe. Kalamu sikuweza kuishika. Na Mama Redio, ungeamini? Hakumtangazia mtu. Watu wa sokoni wanadhani nilikwenda kumsalimia dada yangu.

Nimepona. Hakuja tena. Alasiri zimekuwa alasiri tu, jua linaingia na kutoka. Nimemlilia upya kana kwamba jana ndiyo tumemzika, na sitakudanganya kwamba nimefurahi. Kwa ajili yako nimefurahi. Kwa upande wangu, bado.

Bwana afya alikuja kukagua. Anasema chumba kile kisilalwe na mtu, kipigwe dawa, nyufa zizibwe na sakafu imwagwe saruji. Lakini kwanza vitu vyote vya baba yako vitoke. Nimesimama mlangoni mara nyingi na kurudi jikoni. Mama Redio amejitolea, nikamshukuru, nikamkatalia. Sitaki mtu wa nje awe wa kwanza kuvishika.

Nimezoea kukuambia usijisumbue kuja, na wewe umezoea kukubali. Nadhani sote wawili tulikuwa tunakikimbia chumba kilekile, mimi kwa kulala ndani yake, wewe kwa kukaa mbali. Sanduku lake la zana si zito. Mtu mmoja analibeba bila shida. Mimi siwezi. Njoo ushike upande mmoja.

Mama yako.